Taa ya Pikipiki Kuukuu Inapofifia

Pikipiki ya BSA M20, iliyotengenezwa Birmingham katika nchi ya Uingereza, ilitumiwa sana na majeshi ya Uingereza katika vita vya 1939 hadi 1945, na hata leo wako watu wazitunzao na kuziendesha. Injini yake ina silinda moja tu, nayo ni mvumilivu kama punda. Lakini kuna jambo moja ambalo humdanganya mwenyewe. Cheche ya kuwasha petroli haitoki katika betri, bali katika magineto, ambayo hujifanyia umeme wake. Basi betri yaweza kufa kabisa, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hapana lililotokea. Mwenyewe hutambua usiku tu, taa inapokuwa nyekundu kama kaa, kisha ikazimika, naye yumo mwendoni.

Wengi hukimbilia dukani kununua betri mpya. Hiyo nayo hufa baada ya siku chache, maana ile ya kwanza haikuwa na kosa, ilikosa kulishwa. Mwenye kuilisha ni dainamo, iliyokaa juu ya magineto, pamoja na kidhibiti, yaani kisanduku kidogo kinachoupimia umeme kiasi chake.

Hata hivyo yafaa kuanza na betri, kwa kuwa ni rahisi kuitazama. Ni ya volti 6, na ikiwa ni ya kufunguliwa, maji yake hayana budi kufunika sahani za risasi. Yakipungua, ongeza maji safi yauzwayo kwa ajili ya betri, si ya mtoni wala ya kisima. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha volti 6.3 au zaidi kidogo. Injini ikienda kwa kasi ya kadiri, kipimo chapaswa kupanda hata kati ya volti 7 na 7.5. Usipime injini ikienda polepole, kwani dainamo hizi hazitoi umeme wa kutosha katika mwendo huo, nawe utaona kosa pasipo kosa.

Baada ya hayo fuata nyaya, hasa ule uungao betri na chuma cha pikipiki. Kutu kidogo, au rangi mpya iliyopakwa chini ya skrubu, yatosha kuzuia umeme. Fundi mwenye haraka hupita hapa bila kutazama, na hapa ndipo shilingi nyingi hupotea.

Nyaya zikiwa nzima, ijaribu dainamo. Ondoa nyaya zake mbili, za D na F, ukaunge vituo hivyo viwili vya dainamo kwa kipande kifupi cha waya. Weka ncha moja ya kipima volti hapo, na ya pili kwenye chuma kitupu. Washa injini, uongeze mwendo kidogo kidogo. Volti zapaswa kupanda upesi bila kuyumba. Usiziache zifike 10, wala usiikimbize injini, maana dainamo isiyo na kidhibiti yaweza kujiunguza. Zikikwama kwenye nusu volti, shuku waya uliozungushwa ndani ya ganda la dainamo. Zikikwama kwenye volti moja na nusu au mbili, shuku sehemu ile izungukayo.

Kisipoonyesha kitu, fungua kifuniko cha mwisho wa dainamo, utazame shaba ya ndani injini ikienda. Kama haizunguki, gurudumu la meno liendeshalo dainamo linateleza. Si la chuma, nalo hubanwa kwa namna ya kuteleza mzigo ukizidi, hivyo likilegea huteleza daima. Kama yazunguka, zima injini utazame brashi. Vumbi na mafuta huzinasa zisiiguse shaba. Futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha tena.

Dainamo ikiwa nzima, kosa li katika kidhibiti. Usizipinde springi zake kwa kubahatisha. Siku hizi vinauzwa vidhibiti vya elektroniki vinavyoingia katika kisanduku kile kile cha zamani, lakini angalia kwanza kama ni upande wa chanya au wa hasi wa betri ulioungwa na chuma, kwani pikipiki hizi hazilingani, na kidhibiti kipya kikiungwa kinyume huungua mara moja.

Ukibadili upande huo, hapana budi dainamo nayo ifundishwe upya. Nyaya zake zikiwa zimeondolewa na injini imezimwa, gusa kituo cha F kwa waya utokao upande wa betri usioungwa na chuma, kwa kitambo cha kufumba jicho tu. Kisha rudisha nyaya, kila mmoja kwa herufi yake.