Chambo cha Kambare wa Usiku

Kambare huanza kutafuta chakula jua linapozama. Mchana hujificha chini ya mafunjo, kwenye mashimo ya kingo au katika tope la maji yaliyotulia. Giza likishaingia hutoka na kusogea kwenye maji ya kina kifupi, mara nyingi hatua chache tu kutoka ukingoni, akipekua chini. Macho yake ni madogo kwa kichwa kikubwa namna ile, na katika maji ya tope ya Rufiji au Kilombero hata macho makubwa yasingemsaidia. Rangi na mng'aro wa chambo, mambo yanayomvuta sangara, kwake hayana uzito.

Samaki huyu, ambaye wavuvi wengi wa Ziwa Victoria humwita mumi na wanasayansi humwita Clarias gariepinus, ana sharubu nane kuzunguka kinywa chake. Sharubu hizo zimejaa vihisi vya ladha, na vingine vimetapakaa kwenye midomo na kwenye ngozi yake isiyo na magamba, hivyo kambare huonja maji kabla hajakifikia chakula chenyewe. Uchunguzi uliofanywa kwa kambare wa Marekani, Ictalurus punctatus, umeonyesha kuwa vihisi hivyo huamshwa hasa na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo huvuja kutoka kwenye nyama, damu na utumbo na kuyeyuka majini. Kambare wana pia vihisi vya umeme kwenye ngozi, vinavyowawezesha kutambua mdudu au samaki hai aliyejificha karibu bila kumwona.

Kwa hiyo chambo cha usiku hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kuvuja: kitoe majimaji yatakayochukuliwa na mkondo hadi yamfikie samaki. La pili ni kushika: kibaki kwenye ndoana saa nyingi, kwa kuwa mvuvi wa usiku haoni samaki wadogo wanapokidonoa. Ugumu wa kuchagua unatokana na mambo haya mawili kupingana, maana kinachovuja sana kwa kawaida ni laini.

Maini ya kuku ni mfano mzuri. Yamejaa damu na hakuna chambo kinachoanza kazi haraka kama hicho, lakini hukatika mshipi unaporushwa, au huisha kwa kudonolewa kabla kambare hajafika. Wanaoyapenda huyafunga kwenye ndoana kwa uzi mwembamba. Matumbo ya kuku yana nafuu zaidi, na kwa mvuvi wa kawaida ndiyo chaguo la kwanza. Hupatikana kwa bei ndogo au bure kwa wachinjaji, ni magumu, na ndani yake mna uchafu na mafuta yanayoendelea kuvuja polepole. Hukunjwa mara tatu au nne kwenye ndoana, kisha huachwa kipande kirefu kama kidole kikining'inia. Ncha ya ndoana ibaki wazi. Ikizama ndani ya utumbo, kambare ataubana kinywani na kuutema bila kunasa.

Nyungunyungu ni chambo cha kila mahali, na uzuri wao ni kwamba wako hai. Wanapojikunja hutikisa maji, na majimaji yao humvutia kambare mdogo kwa mkubwa. Mmoja peke yake hatoshi. Wanne au watano hutungwa pamoja wakawa fundo. Kasoro yao ni kwamba kila samaki anawapenda, kuanzia furu hadi perege wachanga, na penye samaki wadogo wengi ndoana huweza kubaki tupu kabla mvuvi hajaketi vizuri. Hapo ni afadhali kutumia chambo kisichomezeka kwa vinywa vidogo: chura, kichwa cha kuku, au kipande cha samaki chenye ngozi.

Sabuni nayo ni chambo, ingawa asiyewahi kuona huona ni mzaha. Katika sehemu nyingi za Afrika, kuanzia kusini hadi maziwa ya mashariki, wavuvi hukata sabuni ya mche vipande vidogo na kuvichomeka kwenye ndoana za kambare. Huyeyuka taratibu na kuacha ladha ya mafuta majini, haiozi, na samaki wadogo hawaishambulii kama nyama. Kwa mwenye migonzo yenye ndoana nyingi, sifa hizo zina thamani kubwa. Sabuni ngumu isiyo na manukato ndiyo inayofaa.

Wengi huamini kuwa chambo kikinuka zaidi ndicho bora. Ni kweli kwamba kambare hula mizoga, lakini nyama iliyooza sana huwa imelegea na haishiki ndoana. Nyama mbichi yenye damu huvuta vizuri na hudumu. Kilicho muhimu kuliko harufu ni kubadilisha: kipande kilichokaa majini muda mrefu hufifia na kuwa cheupe, dalili kwamba utamu wake umekwisha. Kwa mshipi wa mkono, kukibadilisha kila baada ya saa moja au mbili huleta samaki zaidi kuliko kuhamahama ukingoni.

Majira nayo yana neno lake. Mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi huruka na kuanguka majini kwa wingi, na kambare huwala mpaka tumbo likavimba. Konzi ya kumbikumbi iliyotungwa kwenye ndoana ndogo hufanya kazi usiku huo pengine kuliko nyama. Mito ikifurika, kambare hupanda kwenye mbuga zilizojaa maji ili kutaga, na huko chura na panzi ndio chakula kilichotapakaa. Wakati wa kiangazi, maji yanaposhuka na samaki kubanana kwenye madimbwi, dagaa na samaki wadogo ndio wanaofaa zaidi.

Chambo chenye damu kina hatari yake, kwani mamba hufuata chakula kilekile na maji ya kina kifupi ni ya kiboko pia. Ndoo ya matumbo iwekwe mbali na ukingo, na mikono isioshwe majini gizani. Sumu isichanganywe kamwe na chambo: ni kosa la jinai, na inaua vifaranga pamoja na samaki wakubwa.

Njia ya uhakika ya kujua kambare wa mahali fulani wanataka nini ni kumpasua wa kwanza aliyenaswa na kutazama tumboni. Akiwa na magamba ya furu, ndoana zinazofuata zipewe vipande vya samaki. Akiwa na konokono na mabuu ya wadudu, nyungunyungu watatosha. Tumbo likiwa tupu, samaki ana njaa, na matumbo ya kuku yaliyo mkononi yanafaa kuendelea nayo.