Kabla ya Kuandika, Nenda Ghalani

Kijana asomaye kompyuta Chuo Kikuu hufundishwa mapema kuunda programu kwa njia ya vitu. Huambiwa kwamba kila kitu katika programu kina habari zake na kazi zake. Kwamba vitu vya namna moja huelezwa kwa kielelezo kiitwacho klasi. Na kwamba klasi yaweza kurithi sifa za nyingine, kama lori na basi zirithivyo sifa za gari. Wengi hukariri maneno hayo na kufaulu mtihani, kisha wakashindwa kuunda programu ya ghala moja tu.

Yafaa tukumbuke asili ya elimu hiyo. Katika miaka ya 1960, mjini Oslo, nchini Norwe, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walitunga lugha ya Simula ili kuiga ndani ya mashine mwendo wa kazi zenyewe. Simula ya mwaka 1967 ndiyo iliyoleta klasi na urithi, na mwaka 2001 mabwana hao walitunukiwa Tuzo ya Turing.

Lakini Nygaard aliona hatari. Programu ni picha ya kazi. Je, nani aichora? Mkuu wa kiwanda akiiagiza peke yake, mfanyakazi huonekana humo kama chombo. Kwa hiyo, tangu mwaka 1971 hadi 1973, Nygaard alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali, wanachama wakajifunza kuichunguza mitambo iliyoletwa viwandani mwao. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na waajiri wakatia sahihi mapatano yaliyowapa wafanyakazi haki ya kuarifiwa na kusikilizwa juu ya mitambo hiyo.

Basi, ndugu mwanafunzi, kabla ya kuandika klasi ya mzigo, nenda ghalani ukamwulize karani. Atakuambia kwamba korosho hupungua uzito zikikauka. Usipoiwekea nafasi habari hiyo, kompyuta itamhesabu karani huyo kuwa mwizi.

Nawe, ndugu mfanyakazi, usiyaogope maneno mageni. Akija kijana na daftari lake, mweleze kazi yako yote, kisha udai kuonyeshwa alichoandika. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.