Karte ya Afrika: nani aliichora, na alitafuta nini?

Kama uko na mutoto anayesoma, umekwisha kuona ile karte ya Afrika inayotundikwa ku ukuta wa kalasi. Mwalimu anaita mutoto mumoja, mutoto anaweka kidole katikati, anasema: «Kongo njo hii.» Wote wanapiga mikono, na somo limekwisha. Ni vizuri, lakini haitoshi. Karte ni kama mutu anayefika ku nyumba kukuletea habari. Mbele ya kumusadiki unamuuliza: umetoka wapi? Nani amekutuma?

Tuanze na ukubwa wa inchi, kwa sababu hapo hata watu wazima wanadanganyika. Karte nyingi za dunia zinafuata mupango wa Mercator, aliyeitoa karte yake katika mwaka wa 1569. Alifanya kazi ile kwa ajili ya mabaharia, kusudi kapiteni wa mashua aweze kupiga mustari ulionyooka na kuufuata kwa busola. Kwa kupata hiyo, ilimupasa kuvuta na kupanua inchi zote zilizo mbali na ikweta. Njo maana kisiwa cha Greenland, kule ku barafu, kinaonekana karibu sawa na Afrika muzima. Kwa kweli Afrika iko na kilometa za mraba karibu milioni 30, na Greenland karibu milioni 2 na kidogo. Afrika inaipita mara 14! Hata Kongo yetu peke yake, na kilometa za mraba 2.345.000, ni kubwa kuliko Greenland. Waulize vijana nyumbani jioni ya leo, utaona namna watakavyobishana. Mercator hakusema uongo, aliwatumikia mabaharia wake. Kosa ni la wale waliochukua karte ya bahari na kuipeleka ku masomo bila kusema neno.

Tena kuna karte zilizojaza vitu ambavyo havikuwako. Katika mwaka wa 1749, Mufransa d'Anville alichora Afrika na kuacha katikati peupe, kwa sababu hakutaka kuandika asichokijua. Wengine hawakuwa na moyo ule. Katika mwaka wa 1798 Mwingereza Rennell alichora mafungu ya milima mirefu katika Afrika ya mangaribi, akaiita milima ya Kong. Wachoraji wengine wakamufuata, mumoja akiiga kwa mwenzake, karibu miaka 90, mpaka Mufransa Binger alipopita pale kwa miguu na kukuta hakuna milima ile. Miaka 90 ya milima ya karatasi!

Kosa lingine ninalipenda zaidi. Wamisionere wawili waliokaa karibu na Mombasa, Rebmann na Erhardt, waliwauliza wasafiri wa misafara, watu waliosema Kiswahili na waliotoka mbali ku bara. Kila mumoja aliwaeleza juu ya ziwa kubwa alilolijua yeye. Mumoja alisema Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Nyanza. Wamisionere waliunganisha yote ikawa ziwa moja refu sana, na karte yao ilipofika London kati ya 1855 na 1856, wengi walicheka. Lakini juu ya karte ile Burton na Speke walitumwa kwenda kuangalia, na katika mwezi wa pili wa mwaka 1858 wakafika ku Tanganyika. Maziwa yalikuwako kweli. Wenye kuyajua walikuwa wale wachukuzi na wachuuzi, lakini majina yao hakuna aliyeyaandika pembeni ya karte.

Sasa tufike hapa kwetu. Fungua karte ya Kongo, uangalie chini kabisa, kule Sakania. Utaona kipande cha inchi kimeingia ndani ya Zambia kama kiatu. Watu wanaita botte de Sakania. Kwa nini mupaka unazunguka namna ile?

Wengi wanajibu: ni Berlin. Si kweli kabisa. Mukutano wa Berlin, kutoka mwezi wa kumi na moja wa 1884 mpaka mwezi wa pili wa 1885, uliweka sheria za kugawanya, lakini mipaka mingi ilichorwa nyuma, inchi mbili mbili zikipatana. Katika Katanga mambo yalikwenda haraka. Siku ya 20, mwezi wa kumi na mbili 1891, Mwami Msiri wa Bunkeya aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya Leopold II. Mwaka uliofuata, mujuzi wa mawe Jules Cornet alipita akipima shaba ya inchi. Na tarehe 12 mwezi wa tano 1894, Waingereza na watu wa Leopold walitia sahihi mapatano ya mupaka.

Mapatano yale yalifuata maji. Kutoka ziwa Mweru mupaka unapanda na muto Luapula mpaka pale unapotoka katika ziwa Bangweulu. Toka pale walipiga mustari mumoja ulionyooka kwenda kusini, mpaka kufikia mugongo wa inchi, pahali maji yanapoachana. Kiisha mupaka unafuata mugongo ule kwenda mangaribi. Mugongo ule ni nini? Fikiri mvua inanyesha Kasumbalesa. Tone lililoanguka upande huu linaingia Kafubu, linakwenda Luapula, linapita Mweru na Luvua, linaingia Lualaba, na mwisho linafika Atlantika kule Banana. Tone lililoanguka ngambo linaingia Kafue, linafika Zambezi na bahari ya Hindi. Matone mawili yametoka ku wingu moja, na hayataonana tena.

Sasa, Luapula haukimbii kwa kunyooka. Unatoka Bangweulu, unashuka kusini, unapinda mangaribi, kiisha unarudi kaskazini. Ule mupindo na ule mustari wa kalamu njo vilizaa kiatu cha Sakania. Nguzo zenyewe zilipandwa nyuma, wakati kamati ya Wabeleji na Waingereza ilipopima mupaka kati ya 1911 na 1914.

Kalamu haikuuliza watu. Walala, Walamba na Waaushi wako pande zote mbili. Walunda wa Mwata Kazembe, waliotoka zamani kwa Mwata Yamvo, leo wanakaa ngambo ya Luapula, na ndugu zao wako Kongo na Angola. Hata shaba haikuuliziwa: iko Kipushi na Likasi, iko vilevile Kitwe na Mufulira. Na Wazambia wenyewe, kwa kutoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia fupi, wanapita Mokambo, wanakanyaga Kongo karibu kilometa 70, kiisha wanavuka Luapula kule Chembe, kwenye daraja lililofunguliwa mwaka wa 2008. Familia ngapi zinaonyesha karatasi paka kwa kwenda kulia kilio cha mujomba!

Usifikiri kwamba kuchora habari za inchi ni akili ya Wazungu peke yao. Waluba walikuwa na lukasa, kibao cha muti kinachoingia ku mukono, kimepambwa na shanga na magamba ya baharini. Wazee wa chama cha Mbudye walikishika na mukono wa kushoto, na kidole cha kuume kikigusa shanga moja moja, wakieleza wafalme, safari za wakubwa, maziwa na pahali patakatifu. Shanga kubwa moja iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mufalme pamoja na watu wake. Kibao kile hakikuwa cha kuonyesha njia ya kwenda soko. Ni karte ya ukumbusho, na bila kinywa cha muzee ilibaki kimya.

Vijana, hapa kuna muchezo. Mukikuta karte ya zamani, tafuteni umri wake kwa kusoma majina. Imeandikwa Elisabethville? Ni ya mbele ya 1966. Imeandikwa Zaïre na Shaba? Ni kati ya 1971 na 1997. Sudani ingali moja? Mbele ya 2011. Katanga ingali jimbo moja? Mbele ya 2015, wakati ilipogawanywa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Musizitupe karte hizo.

Kuna karte moja tena inayogusa sahani ya bukari. Tangu sheria ya migodi ya 2002, inchi muzima imegawanywa kwa karte katika vipande vidogo vinavyoitwa carré. Kimoja ni karibu hektari 85. Cadastre minier, ile watu wanaita CAMI, inaandika carré gani imepewa nani. Carré haijui muti wa muembe. Haionyeshi shamba la muhogo, wala kisima, wala makaburi. Mama anaweza kulima miaka 20 bila kujua kwamba jina la kampani limekwisha kuandikwa juu ya shamba lake. Sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2018, iliwalazimisha wenye migodi kupatana na watu wa pahali juu ya kazi za maendeleo, katika karatasi inayoitwa cahier des charges. Katika mikutano kama ile, mwenye kuleta karte anasikiwa zaidi kuliko mwenye kuonyesha kwa mukono.

Basi, kama munakaa karibu na mugodi, chukueni daftari ya mutoto na kalamu, mutembee pamoja na nkambo anayejua mipaka. Hesabuni hatua toka barabara mpaka muto. Chora kichuguu, kisima, miembe, shamba la kila nyumba na jina la mwenyewe, na pahali walipozikwa wakubwa. Upande wa jua kutokea, utie alama. Chini kabisa muandike tarehe na majina ya wote waliotembea siku ile.