Kabla ya Seli, Kiatu

Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu Apligraf itumike kutibu vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Hiyo ni ngozi hai inayooteshwa maabara kutokana na govi la watoto wachanga waliotahiriwa. Kumbe kinachotupwa huku, kwingine ni mtaji. Seli zake hutoa kemikali zinazouamsha mwili ufunge donda ndugu. Katika jaribio lake, baada ya wiki 12, asilimia 56 ya wagonjwa walipona, dhidi ya 38 waliopata huduma ya kawaida.

Hiyo ni tiba ya kweli. Sasa tuipeleke Ilemba, bondeni mwa Ziwa Rukwa. Mwenzake wa maabara, Dermagraft, huhifadhiwa kwenye nyuzi 75 chini ya sifuri. Sumbawanga mjini, juu ya bonde hilo, kuna baridi, lakini si ya kiasi hicho.

Na hata zingefika, seli haziishi kwenye usaha, wala chini ya unyayo unaokanyagiwa kutwa. Kwanza kidonda kisafishwe, damu ifike, sukari ishuke na mguu upumzishwe. Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake walionyesha kuwa plasta ngumu ya P.O.P. inayofuata umbo la mguu, jamaa wa lile hogo la waliovunjika, iliponya takriban asilimia 90 ya vidonda katika wiki 12. Wagonjwa hawakuwa walewale, hivyo takwimu hizi hazishindanishwi moja kwa moja. Lakini plasta haihitaji friza.

Kwetu Tanzania chanzo kikubwa cha vidonda hivi ni ganzi. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika juu ya wagonjwa waliogugunwa miguu na panya usingizini, wasihisi kitu. Abbas huyohuyo alikuwa miongoni mwa walioongoza mpango wa kufundisha daktari na muuguzi kama jozi kutunza miguu. Kipimo cha ganzi ni chepesi: mgonjwa anafumba macho, muuguzi anabonyeza uzi wa nailoni kwenye unyayo mpaka upinde. Asipohisi, mguu huo uko hatarini.

Zahanati isiyo na uzi huo haina haraka ya kuagiza seli. Nawe mwenye kisukari, kagua nyayo kila jioni, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, usitembee peku. Ukiona lengelenge, nenda zahanati leo, usisubiri mavuno yaishe.