Alien 3: tarehe ya wakubwa ilitangulia plani

Ndugu wachimbaji na wamama wa mu kambi, wengi wetu tulionaka Alien ku video. Ile ya kwanza, ya Ridley Scott, ilitoka mwaka 1979. Watu wake si askari: ni wafanyakazi wenye kukokota kiwanda kizima cha madini huko juu angani, na wawili, Parker na Brett, wanalalamika juu ya primu yao. Kampuni ilikwisha kuagiza mu siri: nyama ifike, hata wafanyakazi wote wakikufa. Njo maana inatugusa.

Ya pili, ya James Cameron, mwaka 1986, iliingiza feza mingi. Basi studio 20th Century Fox ikataka ya tatu. Lakini hadisi haikukuwa. William Gibson aliandika yake, wakaiweka pembeni. Eric Red naye, wakakataa. David Twohy akatia gereza. Vincent Ward akaleta watawa wenye kuishi mu sayari ya mbao. Mafundi wakaanza kujenga mu studio za Pinewood, Uingereza. Kiisha Ward hakusikilizana na wakubwa, akaondoka.

Walter Hill na David Giler, wenye kusimamia kazi, wakachanganya yote: gereza la Twohy, dini ya Ward. Sayari ya mbao ikageuka kiwanda cha kuyeyusha risasi, na wafungwa njo wafanyakazi wa matanuru.

Muongozaji mupya, David Fincher, alizoea klipu za muziki na matangazo; filamu ndefu hakuwa ametengeneza hata moja. Mwanzo wa 1991 kamera zikawashwa, na sinario bado haijakwisha. Kurasa zilibadilika kazi ikiendelea. Mupiga picha Jordan Cronenweth akaacha juu ya ugonjwa. Mwaka ule ule tangazo la kwanza likaahidi watu kwamba nyama inakuja duniani. Mu filamu yenyewe, haikufika.

Sehemu zingine zilipigwa tena, na Fincher akaondoka mbele kazi ya kukata na kuunga picha iishe. Filamu ilitoka mwezi wa tano 1992. Mwaka 2003 studio ikatoa ingine, ndefu kwa karibu dakika 30. Fincher alikataa kuigusa.

Lakini ku affishi jina ni lake. Wale waliokaza tarehe, nani anawajua?

Sisi tunajua hii mambo. Tarehe ya kutoa tani inaandikwa ofisini, kiisha plani inakatwa ili ienee mu ile tarehe. Nguzo zitakaguliwa kesho, wanasema. Mambo ikiharibika, lawama inashuka mpaka ku kapita, na ku kijana aliyeshika mashini.

Filamu ikiharibika, watu wanapoteza bei ya tiketi. Mu mugodi, jamaa inapoteza baba. Kwa hiyo wakileta plani mupya, mbele ya kutia sahihi, delege wenu aulize neno moja: nini ilianza, plani ao tarehe?