Neno la Siri Litokalo Kiwandani

Leo tutazungumza habari za neno la siri, lakini si lile mlilolichagua wenyewe. Nataka kuwaeleza habari za lile lililowekwa na kiwanda kabla chombo hakijafika mikononi mwenu.

Mtu akinunua kufuli la bei rahisi pale sokoni Buguruni, huenda siku moja akaona kwamba ufunguo wa jirani yake unalifungua pia. Vyombo vingi vya intaneti vimekuwa hivyo. Kiwanda hutengeneza maelfu ya kamera za ulinzi, au vile visanduku viitwavyo ruta, kisha vyote hupewa jina moja la kuingilia, mathalani "admin", na neno moja la siri, pengine "admin" hilo hilo, au "1234". Hufanywa hivyo ili fundi apate kazi nyepesi siku ya kwanza. Neno hilo huchapwa katika kitabu cha maelezo, na kitabu hicho husomwa dunia nzima. Basi siri iko wapi?

Chukueni duka lolote la wakala wa fedha za simu kando ya Barabara ya Uhuru. Mwenye duka anaogopa wezi, kwa hiyo ametundika kamera juu ya meza. Kamera inatazama droo ya fedha. Lakini inatazama pia vidole vya mteja anapobonyeza namba yake ya siri. Ikiwa kamera hiyo inafikika kwa intaneti, na neno la kiwandani halikubadilishwa, mtu asiyejua hata Buguruni iko upande gani aweza kuingia na kutazama. Hakuna mlango uliovunjwa, na mwenye duka hana habari. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia hivyo bila ruhusa, lakini mkosaji akiwa ng'ambo ya bahari, nani atamkamata?

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza programu iliyoitwa Mirai. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilizunguka katika intaneti ikigonga kila chombo na kujaribu majina na maneno ya kiwandani, yapata jozi 60 tu. Kwa jozi hizo chache vyombo kama 600,000 vilitekwa, vingi vikiwa kamera na ruta za watu wa kawaida. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vyombo vilivyotekwa kwa programu hiyo vilitumwa kuishambulia kampuni ya Dyn huko Marekani, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Kumbukeni kwamba wenye vyombo hivyo walikuwa wakivitumia kama kawaida. Na aliyezima chombo chake akakiwasha tena alikisafisha kweli, lakini kwa kuwa neno lilikuwa lile lile, kiliweza kutekwa upya baada ya dakika chache.

Uingereza imepiga marufuku, tangu tarehe 29 Aprili 2024, kuuza vyombo vipya vya namna hii vyenye neno moja jepesi kwa vyote. Ni sheria njema, lakini haikigusi kile kilichokwisha kutundikwa ukutani kwako.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Ruta ina maneno mawili ya siri. La kwanza ni lile mnalowapa wageni ili simu zao zipate intaneti. La pili ni la kuingilia ndani ya ruta yenyewe na kubadili mambo yake. Watu hubadilisha la kwanza, wakaridhika, na la pili likabaki kama lilivyotoka kiwandani. Tena, fundi akichoma sindano katika kile kitundu kidogo cha nyuma ili chombo kianze upya, kwa kawaida maneno yote ya kiwandani hurudi.

Basi leo jioni kigeuzeni chombo mkasome kibandiko cha chini. Mkishindwa kuendelea, mwiteni fundi aliyekifunga, mketi naye. Yeye awaonyeshe mahali, ninyi mwandike neno jipya kwa mkono wenu, naye atazame pembeni.