Lemuri wa King Julien: kabla hujasema "na mimi namtaka", soma hapa kwanza

Leo tunaongelea mnyama.

Kuna kijivideo kilianza kuzunguka mwaka 2016 na mpaka leo bado watu wanatumiana. Mnyama mdogo wa kijivu, macho ya rangi ya chungwa, mkia mrefu wenye mapingili meupe na meusi. Watoto wawili wanamkuna mgongo. Wakiacha tu, anajigusa mgongoni kwa mkono, kama anasema "endeleeni bwana, mbona mmeacha?" Ukikiona lazima ucheke. Halafu ukishuka chini kwenye maoni, kila mtu ni yale yale: "Jamani namtaka huyo, anauzwa bei gani?"

Sio mimi tu niliyeliona hilo. Kuna watafiti walikusanya maandishi ya watu kwenye Twitter kabla na baada ya ile video, wakatoa matokeo mwaka 2019: baada ya video kutoka, wanaosema wanataka kufuga lemuri waliongezeka. Kwa hiyo leo nawaeleza huyu mnyama ni nani, na kwa nini kumfuga nyumbani ni balaa kwake na kwako.

Kwanza, sio nyani na wala sio paka. Ni lemuri, na kwao ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Wapo pia Komoro na Mayotte, ila huko walipelekwa na watu zamani. Sisi huku Afrika Mashariki tunaye binamu yake, yule komba anayelia usiku kama mtoto mchanga. Tena kule Mayotte lemuri wenyewe wanamwita komba! Aina za lemuri zinapita 100, na huyu wa mkia wa mapingili ndiye maarufu kwa sababu ya ile katuni ya Madagascar ya mwaka 2005, alipokuwa mfalme anaitwa King Julien.

Sasa hapo katuni imetudanganya. Kwa hawa jamaa hakuna mfalme, bosi ni jike. Jike anakula kwanza, dume anasubiri. Wanaishi kundi, mara nyingi kumi na kitu, asubuhi wanakaa wamenyoosha mikono kuota jua, mchana wanatafuta majani na matunda, na ukwaju ni chakula chao kikubwa. Madume wana tezi za harufu mikononi. Wakigombana wanapaka ile harufu kwenye mkia halafu wanampepea mwenzao usoni. Fikiria hiyo vita inapiganiwa kwenye kochi la mama yako.

Tuje kwenye kufuga. Mtu akitaka lemuri anataka mtoto, maana mtoto ni mpole na anazoea watu. Lakini mtoto wa lemuri anaishi amebebwa na mama yake, kwanza tumboni halafu mgongoni, na ananyonya miezi kadhaa. Ili umpate, lazima mtu ambandue pale. Atakuzoea, sawa. Ila akifika miaka miwili, mitatu, anakuwa mtu mzima, na hapo anaanza kukufanyia yale ambayo angewafanyia lemuri wenzake: kugombea ukubwa na kung'ata. Meno yake ya pembeni ni marefu na makali, sio mchezo. Wafugaji wengi wakifika hapo wanamfungia peke yake, na mnyama aliyeumbwa kuishi na kundi akifungiwa peke yake anaharibika kabisa.

Na chakula je? Watu wanawapa wali, mikate na ndizi mbivu kila siku. Wananenepa na wanaweza kupata kisukari, kama binadamu. Kingine ambacho wengi hawakijui ni paka. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijidudu vya toksoplazma, ambavyo lemuri huyu hana kinga navyo kabisa, vinamuua haraka. Na usidhani ni mzigo wa mwaka mmoja: wakitunzwa vizuri wanaweza kufikisha hata miaka 30.

Mtasema, "Hayo ya wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Subirini. Kule kule Madagaska kufuga lemuri bila kibali ni kosa, lakini utafiti mmoja ulikadiria kwamba kati ya 2010 na 2013 lemuri zaidi ya 28,000 waliwekwa majumbani. Wengine wako mahotelini, watalii wapige nao picha. Mwaka 2020 shirika la IUCN lilitangaza kwamba kati ya aina 107 za lemuri, 103 ziko kwenye hatari ya kutoweka. Biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku na mkataba wa CITES, ila magendo yapo. Mei 2024 polisi wa Thailand walikamata lemuri 48 pamoja na kobe zaidi ya 1,000, wote wa Madagaska. Waliobaki hai walirudishwa kwao mwishoni mwa mwaka huo.

Kuna hoja moja naikubali nusu. Marekani, baadhi ya majimbo yanaruhusu kufuga, na lemuri wa huko wamezaliwa huko huko, hawakutolewa msituni. Sawa. Lakini anayeiona picha yake kwenye simu hajui hilo. Anaona mnyama kwenye bega la mtu, anasema kumbe inawezekana. Mwaka 2018 kijana mmoja aliingia usiku kwenye bustani ya wanyama ya Santa Ana, California, akaiba lemuri anaitwa Isaac, mzee wa miaka 32. Baadaye akamwacha mlangoni kwa hoteli na kikaratasi kwamba arudishwe. Jamaa alikula miezi mitatu jela.

Wale wanaookolewa kule Madagaska, baadhi wanapelekwa kituo cha Reniala, karibu na mji wa Toliara, wajifunze upya kuishi na wenzao. Kazi hiyo sio ya siku moja.

Kwa hiyo wadau, ukiletewa video ya lemuri amevalishwa pampasi, usiandike "namtaka". Usiisambaze pia. Ukiwa na hamu na wanyama wa aina hii, toka nje usiku msikilize komba wetu kwenye mti, bure kabisa, na umwache huko huko.

Swali langu kwenu: mtaani kwenu kuna mtu anafuga komba, tumbili au kasuku? Anaishije? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana. Tuko pamoja.